Sukari ya vanila ni sukari au ni mchanganyiko? Uzi kuhusu kuainisha viambato vitamu forodhani

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha hapa Nairobi kwa miaka kumi na saba, mingi yake nikiingia na kutoka katika bohari ya makontena ya Embakasi, na hakuna mizigo iliyonikosesha usingizi kuliko viambato vya chakula vilivyotiwa utamu. Gari lina namba ya chasisi na kitambaa kina uzi unaoweza kuchomoa ukautazama, lakini unga mweupe ulio ndani ya gunia la kilo 25 unaweza kuwa sukari, glukosi, maltodekstrini au maziwa ya unga yenye sukari, na kila kimoja kina fungu lake, yaani nambari yake katika orodha ya forodha, na ushuru wake.

Nafungua uzi huu kwa sababu ya mteja aliyenijia juma lililopita akiwa na hasira. Aliagiza sukari ya vanila kwa ajili ya kiwanda cha biskuti, na wakala wake wa awali akaitangaza katika fungu la 21.06, yaani matayarisho ya chakula yasiyotajwa kwingineko, kwa hoja kwamba kitu kilichochanganywa si sukari tena. Afisa wa forodha akaihamishia kifungu kidogo cha 1701.91. Mteja alitaka nimtetee. Nilisoma karatasi ya viambato mara mbili, nikamwambia kwamba afisa yuko sahihi.

Sababu yake iko ndani ya maneno ya fungu lenyewe. Fungu la 17.01 linahusu sukari ya miwa au ya kiazisukari, pamoja na sukrosi halisi kikemia, ikiwa katika hali yabisi. Ndani yake mna kifungu kidogo kilichotengwa mahususi kwa sukari iliyoongezwa ladha au rangi, nacho ndicho 1701.91. Kwa hiyo waandishi wa Mfumo Uliowianishwa, yaani orodha yenyewe ya mafungu haya, ambao Shirika la Forodha Duniani huusimamia na ambao ulianza kutumika tarehe 1 Januari 1988, waliifikiria sukari ya vanila kabla mteja wangu hajaianza biashara hiyo, wakaiwekea kiti chake. Hoja kwamba imechanganywa haina pa kusimama.

Sasa angalieni jambo linalowachanganya hata mawakala wazoefu. Chukua sukari hiyo hiyo na vanila hiyo hiyo, uziyeyushe kwenye maji zikawa sharubati: hapo umetoka kabisa katika 17.01, kwa kuwa hali yabisi imepotea. Sharubati ya sukari isiyo na ladha wala rangi ya kuongezwa huenda 17.02, na ile iliyotiwa ladha au rangi huenda 2106.90. Ladha inayoshindwa kuihamisha sukari ikiwa kavu inaihamisha ikiwa majimaji. Mtu anaweza kuona huo ni mzaha, lakini ndivyo mafungu yalivyoandikwa, na sisi tunafanya kazi kwa maneno yaliyoandikwa.

Kuhusu fedha: Ushuru wa Pamoja wa Nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki una ngazi nne tangu Julai 2022, yaani sifuri, asilimia 10, asilimia 25 na asilimia 35, kisha kuna orodha ya bidhaa nyeti zinazotozwa zaidi ya hapo. Sukari ya 17.01, ukiiacha sukari guru, imo katika orodha hiyo kwa asilimia 100 ya thamani au dola 460 kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Tuseme mzigo ni wa tani 20, na thamani yake pamoja na bima na nauli ni dola 900 kwa tani, jumla dola 18,000. Kwa asilimia 100 unalipa ushuru wa dola 18,000, na VAT ya asilimia 16, ambayo huhesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, inakuwa dola 5,760. Kama bidhaa ingekuwa katika ngazi ya asilimia 25, ushuru ungekuwa dola 4,500 na VAT dola 3,600. Tofauti ni dola 15,660 kwa kontena moja, kabla hatujagusa ada ya tamko la uagizaji, tozo ya reli na tozo nyingine zinazoiandama sukari. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini watu hung'ang'ania neno "mchanganyiko".

Mchangiaji, mwoka keki wa Kariobangi

Shikamoo mzee. Nimesoma maneno yako nikashika kichwa. Mimi huoka keki za harusi, na mpaka sasa nimekuwa nikinunua viambato kwa wauzaji wa jumla wa mjini. Mwaka huu tumeungana waokaji sita ili tuagize wenyewe kontena moja la kuchanganya: fondanti ya kufunikia keki, chembe za rangi za kunyunyizia juu, matunda ya sukari yale ya rangi rangi tunayoyaita tutti-frutti, nazi iliyokunwa yenye sukari, poda ya chokoleti tamu, na poda ya kutengenezea krimu. Muuzaji wa nje ameandika kwenye ankara ya awali maneno matatu tu, "viambato vya keki", na nambari moja ya forodha kwa vitu vyote. Je, hilo linawezekana?

Mwanzisha uzi

Marahaba, mama. Haliwezekani, na ankara ya namna hiyo ndiyo inayozaa siku kumi za bohari. Nitavipitia kimoja kimoja, ingawa sitavipa nafasi sawa kwa kuwa vingine havina ugomvi.

Fondanti na chembe za kunyunyizia huenda 17.04, fungu la vitu vitamu vya sukari visivyo na kakao. Wengi hudhani fungu hilo ni la peremende tu, lakini linapokea pia kinyunya cha sukari kinachouzwa kwa mapande makubwa ili mwingine akimalizie, na ndiyo maana fondanti ya ndoo ya kilo 10 inakaa pamoja na tofi. Kumbuka pia kwamba kwa bidhaa zinazoagizwa za fungu hili sheria ya Kenya inaongeza ushuru wa bidhaa unaotozwa kwa kilo, mbali na ule wa forodha.

Tutti-frutti ni vipande vya papai vilivyopikwa ndani ya sukari hadi sukari ikaingia, kisha vikachujwa. Hivyo ni 20.06. Kama vingekuja vikielea ndani ya sharubati kwenye mkebe, vingekwenda 20.08, na vingesagwa na kupikwa vikawa jamu, 20.07. Nazi iliyokunwa na kukaushwa ni 08.01 ikiwa haina sukari, lakini ikitiwa sukari inahama sura nzima, yaani zile tarakimu mbili za mwanzo, na kuingia 20.08. Usikubali muuzaji akuandikie "nazi" peke yake.

Poda ya krimu inahitaji subira zaidi. Ikiwa ni maziwa ya unga yaliyotiwa sukari, ni 04.02, na maziwa ya unga yana ulinzi wake mkali katika jumuiya yetu. Lakini maelezo ya Sura ya 4 yanatoa nje bidhaa ambazo mafuta ya asili ya maziwa yameondolewa na kuwekewa mafuta mengine, ambazo huenda 19.01 au 21.06. Poda nyingi za krimu zinazouzwa madukani, ukigeuza paketi, zina mafuta ya mawese, sharubati ya glukosi iliyokaushwa na protini kidogo ya maziwa, na hizo huishia 2106.90. Picha ya ng'ombe iliyo mbele ya paketi haina uzito wowote wa kisheria.

Poda ya chokoleti tamu: ikiwa ina kakao kweli, ni 1806.10, yaani unga wa kakao ulioongezwa sukari, hata kama sukari ni robo tatu ya uzito wake. Unga wa kakao usio na utamu ni 18.05. Niletee asilimia za viambato kabla sijakuhakikishia hilo la mwisho.

Mchangiaji, wakala mwenzake wa Mombasa

Kaka, kwa heshima zote, sikubaliani nawe kuhusu sukari ya vanila. Kanuni ya 3(b) ya kufafanua Mfumo Uliowianishwa inasema bidhaa za mchanganyiko huainishwa kwa kile kinachozipa tabia yake ya msingi. Mwoka biskuti hanunui sukari ya vanila kwa ajili ya utamu, kwa maana sukari ya kawaida anayo tele. Anainunua kwa ajili ya vanila. Basi tabia ya msingi ni ladha, na mtu mwenye ushupavu angeweza hata kudai 33.02, fungu la michanganyiko ya vitu vya harufu vinavyotumika viwandani.

Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzuri kuisikia, kaka, na mimi mwenyewe niliwahi kuitoa mbele ya afisa mkuu nikiwa bado kijana, nikarudishwa nyumbani na aya mbili tu. Kosa lake ni la mpangilio. Kanuni za ufafanuzi husomwa kwa zamu, na Kanuni ya 1 ndiyo mwenye nyumba: vichwa vya sehemu na sura ni vya kurahisisha utafutaji tu, na uainishaji wa kisheria huamuliwa na maneno ya mafungu pamoja na maelezo ya sehemu na sura. Hufiki Kanuni ya 3 mpaka bidhaa ionekane kustahili mafungu mawili au zaidi kwa wakati mmoja. Sukari ya vanila yenye asilimia 97 ya sukrosi haistahili mafungu mawili. Fungu la 17.01 limeitaja, na 21.06 ni fungu la yale yasiyotajwa kwingineko, kwa hiyo kilichotajwa hakiwezi kuingia humo. Ukishafika kwenye fungu, Kanuni ya 6 inakushusha hadi kifungu kidogo kwa utaratibu huo huo.

Nikitazama mafaili yangu ya zamani naona karibu kila mzozo niliopoteza ulianza hivi: tulikimbilia tabia ya msingi kwa sababu inatoa nafasi ya kuhutubu, ilhali maneno ya fungu yalikwisha kujibu swali.

Mchangiaji, mnunuzi wa kiwanda, Eneo la Viwanda

Naomba niulize kuhusu maltodekstrini, ule unga unaotokana na wanga uliovunjwa. Tunaagiza aina mbili kutoka kwa muuzaji mmoja, magunia yanafanana, bei inakaribiana, lakini shehena moja ilipita katika Sura ya 35 na nyingine ikapelekwa Sura ya 17. Mkurugenzi anadhani idara yangu imelala.

Mwanzisha uzi

Mwambie mkurugenzi asome maelezo ya pili ya Sura ya 35. Hapo imeandikwa kwamba dekstrini ni bidhaa za wanga uliovunjwa ambazo sukari yake inayopunguza kikemia (reducing sugar), ikielezwa kama dekstrosi katika kitu kikavu, haizidi asilimia 10. Ikizidi, bidhaa ni ya 17.02. Magunia yenu yameandikwa herufi DE na tarakimu mbele yake, na herufi hizo ndizo zinazopima jambo hilo hilo. Gunia la DE 8 na gunia la DE 18 ni ndugu wa tumbo moja wanaoishi katika sura mbili tofauti.

Taabu hutokea pale muuzaji anapoandika upana unaoanzia kwenye mpaka wenyewe, kwa mfano DE 10 hadi 12, kisha shehena moja ikatoka kiwandani ikiwa 9.8. Upana ulioandikwa kwenye brosha hauainishi kitu. Kinachoainisha ni cheti cha uchambuzi cha shehena ile iliyo ndani ya kontena, chenye namba ya shehena inayolingana na iliyo kwenye magunia. Nimeona afisa akichukua sampuli na kuipeleka maabara kwa sababu cheti kilikuwa cha mwaka uliotangulia, na hakuwa na kosa.

Utaratibu wa namna hiyo uko pia kwa glukosi: vifungu vidogo vya 17.02 hutenganishwa kwa kiasi cha fruktosi katika kitu kikavu, chini ya asilimia 20, kati ya 20 na chini ya 50, na zaidi ya 50, huku sukari geuzi (sukrosi iliyovunjwa ikawa glukosi na fruktosi) na michanganyiko yenye asilimia 50 ikiwa katika 1702.90. Hata sukari guru inayopikwa kule Kisii na Kakamega ina kipimo chake: 1701.13 ni kwa ile ya miwa isiyopitia mashine ya kuzungusha, ambayo sukrosi yake inasomeka kwenye polarimita, kifaa cha kupimia sukari kwa mwanga, kuanzia nyuzi 69 lakini chini ya 93. Bibi yangu aliipima kwa ulimi tu.

Mchangiaji asiye na jina

Wazee, mnatafuta ugumu. Kama fungu linaamuliwa na viambato, mtu atamwambia muuzaji aongeze kitu kidogo kwenye sukari ili itoke 17.01, kisha akifika Nairobi akitoe. Nani atajua?

Mwanzisha uzi

Ndugu, hilo limejaribiwa kwa ufundi mkubwa kuliko wako, na kesi yake iko wazi kwa kila mtu kuisoma. Marekani huzuia sukari ya nje kwa mgawo wenye ushuru mkali juu yake. Kampuni iitwayo Heartland By-Products ilikuwa ikiagiza kutoka Kanada sharubati iliyotengenezwa kwa sukari, maji na molasi. Molasi ilihakikisha kwamba vitu vilivyoyeyuka visivyo sukari vinazidi asilimia 6, na kwa kiwango hicho sharubati haikuguswa na mgawo huo. Baada ya kuvuka mpaka, molasi iliondolewa, sukari ikauzwa. Kampuni haikuficha kitu, kwani mwaka 1995 iliomba uamuzi wa forodha kabla ya kuagiza, ikaupata. Mwaka 1999 forodha iliubatilisha uamuzi huo, ikisema molasi iliyoongezwa ili iondolewe baadaye haipaswi kuhesabiwa. Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya huko iliipa kampuni ushindi mwaka huo huo, na mwaka 2001 mahakama ya rufani ikaupindua na kuunga mkono forodha.

Kwa hiyo hata mtu aliyekuwa na karatasi ya serikali mkononi aliangushwa. Wewe huna hata karatasi. Na hapa kwetu kuna ukaguzi wa baada ya mzigo kutoka: kumbukumbu za uagizaji zinatakiwa kutunzwa kwa miaka mitano, na ukaguzi ukikuta kiwanda chako kina mtambo wa kutenganisha kile ulichodai kuwa kiambato, swali litakuwa tofauti kabisa na lile la uainishaji.

Tofautisha hilo na poda ya kinywaji iliyotengenezwa kwa nia njema, yenye sukari, asidi ya sitriki, vitamini na ladha, ambayo mlaji anaikoroga kwenye maji. Hiyo ni tayarisho la chakula la 2106.90 kwa sababu viungo vyake vinafanya kazi ndani ya kinywaji hadi mwisho. Nia inaonekana katika matumizi.

Mchangiaji, mfamasia wa Ngara

Na vitamu vya wagonjwa wa kisukari? Tunataka kuleta sukralosi, sorbitoli na vidonge vya sakarini.

Mwanzisha uzi

Hivyo ni rahisi kuliko sukari yenyewe, daktari. Kitu kikiwa kampaundi moja halisi kikemia, kinakaa Sura ya 29: sukralosi 2932.14, sakarini 2925.11, sorbitoli ya fuwele 2905.44. Sharubati ya sorbitoli isiyo halisi huenda 3824.60. Mara ukikichanganya na chakula, kama vile vidonge vya sakarini pamoja na laktosi, umeingia 21.06. Peremende zilizotengenezwa kwa sorbitoli badala ya sukari pia ni za 21.06, wala si 17.04.

Mchangiaji, mnunuzi wa kiwanda, Eneo la Viwanda

Ahsante. Na kama mtu haridhiki na afisa, anakwenda wapi?

Mwanzisha uzi

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inakupa, katika kifungu cha 229, siku 30 tangu uamuzi utolewe kuomba Kamishna aupitie upya, naye ana siku 30 za kukujibu kwa maandishi pamoja na sababu. Usiporidhika, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kukata rufaa kwenye Mahakama ya Rufani za Kodi. Nimeona wafanyabiashara wakipoteza haki kwa sababu walitumia siku hizo 30 kupiga simu na kunywa chai na watu waliodai kuwafahamu wakubwa. Andika barua, ambatanisha karatasi ya viambato na cheti, taja fungu unaloliamini na maneno yake.

Afadhali zaidi ni kuomba uamuzi wa awali kwa Mamlaka ya Mapato kabla mzigo haujapakiwa melini. Na kwa kiwanda kama chenu, ikiwa mnachohitaji ni sukari safi ya viwandani, acheni kuikimbia 17.01: upo mpango wa msamaha wa ushuru wa jumuiya, ambapo kiwanda kilichoidhinishwa na kutangazwa kwenye gazeti rasmi huagiza sukari hiyo ya 1701.99.10 kwa asilimia 10 kwa kiasi kilichopangwa. Ni kazi ya makaratasi mengi, lakini ni njia iliyonyooka.

Mchangiaji, mwoka keki wa Kariobangi

Mzee, nimerudi. Nilimwandikia muuzaji kama ulivyoniagiza, naye amenitumia karatasi ya viambato vya ile poda ya chokoleti tamu. Nainukuu kama ilivyo: sukari ya miwa asilimia 98.2, rangi ya kahawia, ladha ya chokoleti, chumvi. Sioni neno kakao. Tulikuwa tumepanga tani mbili.

Mwanzisha uzi

Umeona vyema, mama. Basi hiyo si 18.06 hata kidogo. Ni sukari yabisi ya miwa iliyoongezwa ladha na rangi, yaani 1701.91, jirani wa ile ya vanila tuliyoanza nayo, na ushuru wake ni ule ule wa asilimia 100 au dola 460. Je, mmeshalipa amana?

Mchangiaji, mwoka keki wa Kariobangi

Bado. Tulikuwa tulipe Ijumaa. Nimeiondoa kwenye oda, na nimeomba bei ya unga wa kakao mtupu, sukari nitaongeza mwenyewe jikoni.